Siku Ambayo Mapangaboi Hulala

Masikio yalikuwa kumi na mawili, na kila Ijumaa kabla jua halijazama Namkunda aliyavisha kofia. Kofia alizifuma mwenyewe kwa sufu nzito ya kijivu, kila moja na uzi wake wa kufungia, akazibeba kikapuni kama mtu anayekwenda kuvisha watoto wa shule ya awali. Sikio lenyewe lilikuwa kisanduku cheusi kilichofungwa kwenye shina la mti, hakizidi ukubwa wa Biblia ya mfukoni. Humo ndani mlikaa akili ya kutambua sauti: huyu ni chura, yule ni ndege, na huyu mwingine naye ni chura, lakini si wa ukoo mmoja na yule wa kwanza.

Baraza la Mizani, lenye kazi ya kupima uhai wa misitu, lilipoyaleta masikio hayo katika msitu wa Mbareko, wazee wa kanisa walikubali masharti yote isipokuwa moja. Walikubali mtu yeyote asiingie msituni ila mhesabu wa viumbe peke yake. Walikubali kuni zikome na mbuzi wafungwe. Walichokataa ni kisanduku kufanya kazi siku ya Sabato. Baraza likasema haya, siku sita zinatosha, na Namkunda, ambaye ndiye aliyekuwa mhesabu, akapewa jukumu la kuyaziba.

Ijumaa ile aliziba kumi na moja.

Kosa lilikuwa la maharage. Ijumaa ni siku ya maandalio, chakula cha Sabato chote hupikwa siku hiyo, na maharage aliyotia kwenye makande yalikuwa ya zamani, yamegoma kuiva tangu asubuhi. Alipanda msituni akiwa amechelewa, roho ikiwa jikoni. Alifunga kofia moja baada ya nyingine akitembea nusu mbio, na alipoona jua linagusa ukingo wa mlima alijihesabia moyoni kwamba amemaliza, akashuka. Jumapili asubuhi alitia mkono katika mfuko wa aproni kutafuta kibiriti, akakutana na sufu.

"Baba Tumsifu," alimwita mumewe, "nimeacha sikio moja wazi."

Yoeli alikuwa anafunga viatu vyake vya kazi. "Lipi?"

"La kijitoni."

"Limesikiliza Sabato nzima?"

"Nzima."

Yoeli alitikisa kichwa huku anatabasamu. "Basi limesikia kimya. Nenda kakifute."

Kimya alichosema ni cha mapangaboi. Yalianza machache, yakaongezwa mpaka thelathini na sita, yamepangwa juu ya mgongo wa mlima, marefu kupita miti, na kazi yake ilikuwa kusukuma ukungu uingie kwenye nyavu. Ukungu uliachia maji kwenye nyavu, maji yakateremka kwa mabomba mpaka tambarare, ambako mvua ilikuwa imekuwa kitu cha kusimuliwa. Mapangaboi yalivuma usiku na mchana. Watoto waliozaliwa Mbareko waliuzoea mvumo ule tangu tumboni, hata Sabato ya kwanza ya maisha yao wengi walilia, hawajui ni nini kimekosekana. Yoeli ndiye fundi mkuu. Ijumaa jua likizama alishusha mkono wa swichi, na Jumamosi jua likizama akaupandisha tena.

*

Namkunda alikaa juu ya jiwe kando ya kijito, akalishusha sikio, akalifungua kwenye kioo chake cha kazi.

Siku za kawaida kioo kilimpa aina tisa, kumi zikizidi. Na katika hizo, tisini kwa mia ya sauti zote zilikuwa za nyenje mmoja mkali, mwenye sauti ya kuchana bati, ambaye ndiye peke yake aliyeweza kupiga kelele juu ya mvumo. Safari hii orodha ilishuka, ikashuka, mpaka kidole chake kikachoka kuivuta. Vyura aina kumi na moja. Nyenje na panzi kumi na wawili. Ndege tisa wa alfajiri. Popo wawili. Komba wawili wa jenasi moja, spishi tofauti, mmoja analia kama mtoto na mwenzake anakohoa kama mzee. Chini kabisa kioo kiliandika: aina thelathini na sita.

Alisoma upya tangu juu, taratibu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini kioo kabla ya kukikagua. Kwenye vyura alisimama. Kioo kilikuwa kimetenganisha sauti mbili, moja ya mlio mrefu na nyingine ya kugonga-gonga, kikaziandika chini ya majina mawili. Namkunda aliwahi kukaa mbele ya chura huyo miaka mingi nyuma, kabla mapangaboi hayajaongezwa, akamwona kwa macho yake: mlio mrefu ni wa kumwita jike, na ukitokea dume mwingine, yule yule mwenye nyumba anamgongea aondoke. Chura mmoja, maneno mawili. Alifuta jina moja. Zikabaki aina thelathini na tano.

Kisha akabonyeza kipimo.

Kipimo si idadi ya aina peke yake, na hilo alifundishwa kwa maharage. Mwaka alioajiriwa, mwalimu wa Baraza aliwawekea wahesabu sinia mbili. Ya kwanza ilikuwa na aina kumi za maharage, lakini karibu yote yalikuwa ya njano, hizo nyingine tisa punje mojamoja. Ya pili ilikuwa na aina sita tu, zimechanganyika sawasawa. Akauliza ipi tajiri. Wote wakanyooshea ya kwanza. Akawaambia wafumbe macho, kila mtu achote punje tano. Waliochota sinia ya kwanza walifumbua macho wakaona njano, njano, njano. "Msitu nao ndivyo unavyochotwa," alisema mwalimu. "Tunauliza ziko aina ngapi, halafu tunauliza zimegawanaje nafasi." Namkunda alikuwa na darasa la saba tu, lakini jambo hilo hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kati ya mia, kipimo cha siku sita kilikuwa thelathini na moja. Kipimo cha Sabato kilikuwa hamsini na saba. Mstari wa Baraza ulikuwa arobaini.

Aliweka kioo mapajani, akatazama maji. Mbareko ilikuwa chini ya mstari kwa msimu wa pili mfululizo. Ukifika wa tatu, kata inapumzishwa. Kata ya jirani ilipumzishwa miaka mitano iliyopita: magari yalipanda asubuhi, jioni watu walikuwa tambarare na vitanda vyao na kuku wao, na geti likafungwa kwa miaka arobaini. Wapo waliokufa huko kabla hawajazoea joto. Msimu huu wa tatu ulikuwa umeingia wiki zake nne za mwisho, na wiki nne hizo ndizo afisa wa Baraza angekuja kuchukua.

*

"Hukufanya kazi, ulisahau," alisema Mzee Mrindoko, mzee wa kanisa, walipokuwa wamekaa barazani kwake. "Kusahau hakuna dhambi. Lakini sasa unajua. Ukiliacha wazi tena hutasema umesahau."

"Sikuja kwa hilo, mzee. Nimekuja usikilize."

Alimwekea kioo karibu na sikio, maana mzee alikuwa analalamika miaka yote kwamba masikio yanamfia. Vyura wakaanza. Mzee Mrindoko alikaa hivyo muda mrefu, kinywa kimefunguka kidogo, kikombe cha chai kinapoa.

"Huyo wa kugonga," alisema mwishowe. "Huyo tulikuwa tukimwiga tukiwa wadogo, tunakwenda kuteka maji. Mimi nilidhani amekwisha."

"Yupo. Wote wapo. Wananyamaza siku sita, wanasema siku moja. Na siku hiyo sisi tuko kanisani huko bondeni, tunaimba. Nani angewasikia?"

"Na afisa anataka nini, hasa?"

"Kanuni inasema nimpe siku tatu za mwezi wa mwisho. Nichague mwenyewe."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa na mshangao. "Zimebaki Sabato tatu, na hiyo moja unayo. Yaani Mungu ameweka rehema ndani ya siku yake mwenyewe, na sisi ndio tuliokuwa tunaifunika kofia."

"Tutaacha masikio wazi Sabato, mzee? Wewe ndiye uliyekataa."

"Nilikataa kazi. Kusikiliza viumbe wakimsifu aliyewaumba, hiyo si kazi." Akanyanyua kikombe, akakuta chai ya baridi, akainywa hivyo hivyo. "Mzee akikosea aseme. Nilikosea. Wewe acha wazi, uchukue Sabato tatu, umpe huyo binti, afisa wa Baraza, watu wakae kwao. Mbona unanitazama hivyo?"

"Sina neno, mzee," alisema Namkunda.

Neno alikuwa nalo, ila halijakaa sawa kichwani.

*

Aliacha masikio wazi Sabato tatu, na zote zilikuja vilevile: hamsini na sita, hamsini na nane, hamsini na saba. Kijiji kikapata habari, maana Mzee Mrindoko hakuweza kuificha, na watu wakaanza kumsalimia Namkunda njiani kwa mikono miwili. Mama mmoja alimletea ndizi mkungu mzima. Mwingine, ambaye alikuwa ameshaanza kufunga vyombo vyake kwenye maboksi, alivifungua.

Yeye alikuwa anatafuta viluwiluwi.

Alianza kuvitafuta Jumatatu ya wiki ya pili, bila kumwambia mtu. Chura dume anaita ili jike aje, jike akija anataga, mayai yanaangua, na viluwiluwi vinajaa kwenye vidimbwi vya kijito kama pilipili manga kwenye supu. Alipita vidimbwi vyote ishirini na moja, ameinama, mgongo unamuuma. Alikuta vya aina mbili, vya wale vyura wa kawaida wanaotaga hata kwenye alama ya kwato ya ng'ombe. Vya aina nane zilizobaki hakukuta hata kimoja. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.

Siku moja kati ya saba haikuwatosha. Jike anayetembea kutoka mbali anahitaji kusikia mwito jana na leo na kesho ndipo afike. Aliyeanza safari Ijumaa jioni, Jumamosi jioni mwito unakatika yuko njiani. Waliokuwa wanaimba pale Sabato walikuwa wazee watupu, waliozaliwa kabla ya mapangaboi kuongezwa. Miaka mitatu mingine, minne ikizidi, hata Sabato kungekuwa kimya, na kwenye vitabu vya Baraza Mbareko ingekuwa bado ni hamsini na saba.

Jumatatu jioni, kesho yake afisa anakuja, alimwambia mumewe. Hakumzungusha.

"Baba Tumsifu, ni mapangaboi yako."

Yoeli alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini. "Unataka kumwambia hivyo?"

"Nataka kumpa siku zote ishirini na nane. Zenyewe zitamwambia. Kila Ijumaa unaposhusha swichi, ndani ya saa moja sauti zinapanda. Unapoipandisha Jumamosi, zinakatika kama uzi. Mtu yeyote ataona."

"Na kipimo kitakuwa ngapi, ukichanganya zote?"

"Thelathini na tano kasoro."

"Chini ya mstari."

"Chini."

Mvumo ulijaa chumba, mvumo ambao mikono ya Yoeli ndiyo iliyoulea. "Miaka kumi na sita nayapaka grisi," alisema. "Nilijiona nawanywesha watu."

"Umewanywesha. Sijasema hukuwanywesha."

"Kanuni inakuruhusu siku tatu. Hakuna uwongo hapo, Mama Tumsifu. Hizo Sabato ni za kweli, hukuzitunga."

"Za kweli. Lakini nikiulizwa msitu unaishije, nikajibu kwa siku anayolala adui yake tu, hapo nimeshuhudia nini?" Akaona neno adui limemchoma, akamshika mkono. "Nisamehe. Nimesema vibaya."

"Hukusema vibaya," alisema Yoeli, lakini chakula hakukimaliza.

*

Afisa alikuja Jumanne saa nane mchana. Aliitwa Tunu, mwanamke wa pwani mwenye sauti ya upole, na aliwahi kuandika kata nne zipumzishwe. Usoni mwake ungeona kila moja. Walikaa ofisi ya kata: Namkunda, Yoeli, na Mzee Mrindoko aliyekuja na suti ya Sabato ingawa ilikuwa siku ya kazi.

"Nimesikia habari njema huko njiani," Tunu alisema. "Mwenye duka kaniambia tumefika hamsini na saba. Nipe siku zako tatu, Mama, tunywe chai, nikapumue."

Namkunda alimpa kioo. Tunu akakitazama, akakunja uso.

"Hizi ni ishirini na nane."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama Tumsifu," alisema Mzee Mrindoko, polepole, "tulisema tatu."

"Wewe ulisema tatu, mzee wangu. Mimi nilisema sina neno. Sasa ninalo."

Akawaeleza. Aliwaonyesha mstari wa sauti unavyopanda Ijumaa na unavyoanguka Jumamosi, akawaambia habari za vidimbwi ishirini na moja, bila kupandisha sauti, kama anavyosoma mtu orodha ya vitu vya sokoni. Alipomaliza, mzee alikuwa ametoa leso, hakuitumia, anaikunja tu na kuikunjua.

"Kuna mama kule chini kafungua maboksi," alisema. "Utamwambia nini?"

"Nitakwenda mwenyewe kumwambia. Nitamsaidia kufunga, ikibidi. Na yangu nitafunga." Hapo tu sauti yake iliyumba. "Mimi nimezaliwa hapa, mzee. Usidhani sioni ninachofanya."

Tunu alikuwa amefungua fomu. "Chini ya arobaini sina hiari," alisema. "Laiti ungenipa zile tatu, nisingeuliza. Nakwambia kweli yangu, nisingeuliza." Akasoma kwa sauti ya chini, "Kata ya Mbareko. Msimu wa tatu. Kinachopumzishwa." Kidole kikasimama juu ya nafasi tupu.

"Hapo huwa unaandika nini?" aliuliza Yoeli.

"Wakazi."

"Lazima iwe watu?"

Tunu alisoma tena. Akapekua kanuni kwenye kioo, ukurasa hadi ukurasa, wenzake wanamngoja. "Haijasema," alijibu. "Sijawahi kuona mtu kaandika kingine, ila haijasema."

"Andika mapangaboi. Siku tatu mfululizo kila wiki, nne tukiweza."

"Yoeli," alisema mzee, "na maji?"

"Matangi yetu yana maji ya siku nne, tano tukioga kwa kikombe. Tambarare watapata nusu mpaka tufunge nyavu zisizohitaji kusukumiwa ukungu. Najua kuzifunga. Ni polepole tu, na mimi nitakosa kazi niliyoizoea." Alimtazama mkewe, kisha akatazama viatu vyake. "Wakazi wakiondoka mapangaboi yatabaki, Bi Tunu. Hilo mmelifikiria? Kule kata ya jirani yanavuma mpaka leo, na geti limefungwa."

Tunu alikuwa kama mtu aliyesukumiwa kiti ambacho hakujua kipo. "Baraza litataka ushahidi," alisema. "Sabato peke yake hawataikubali. Watasema hiyo ni siku yenu ya dini, pengine ni nyimbo zenu ndizo zinazowaamsha vyura."

"Waimbaji wetu wa sauti ya nne wanaweza," alisema Mzee Mrindoko, na kwa mara ya kwanza siku ile mtu alicheka.

"Nataka siku ya kawaida. Hata moja ya kuanzia, niweke sahihi yangu juu yake."

Yoeli alisimama, akachukua kofia yake. "Basi nipeni saa moja nipande."

*

Mvumo ulikatika saa kumi na robo. Kijijini watu walitoka nje wakatazama mlima, mmoja akamwuliza mwenzake kama leo ni Ijumaa.

Tunu alitoa kibali cha watu wanne kuingia msituni, nao wakakaa kando ya kijito, mzee juu ya jiwe, suti yake imejaa unyevu. Ukungu ulishuka kati ya miti, haukusukumwa na kitu. Saa moja ikapita, yule nyenje mkali akipasua bati lake peke yake. Namkunda alijua Ijumaa ndani ya saa moja vyura wanakuwa wameshaanza. Leo hapakuwa na kitu. Ikaingia ya pili. Pengine walikuwa wameshajifunza kuhesabu siku kama wanakijiji, na Jumanne hawakuwa na habari nayo.

Yoeli aliyafuta macho yake kwa kiganja, akidai ni ukungu.

Jua lilipokuwa linamaliza, chini ya mizizi ng'ambo ya maji, kitu kikalia mara moja, mlio mrefu, kikanyamaza kama kilichojishtukia. Mzee Mrindoko akakaa wima. Kikalia tena. Halafu kikaendelea, peke yake, bila kujibiwa na yeyote, sauti inatetemeka kidogo mwishoni.

Walingoja wa pili mpaka giza likaanza kuingia. Hakuja.

Tunu alikuwa amefungua fomu, mwanga wa kioo usoni. Alimgeukia Namkunda, na katika sauti yake mlikuwa na ombi ambalo hakulitamka. "Aina ngapi, Mama? Yule nyenje simhesabu, tunaye siku zote. Wapya tu. Nadhani nimesikia kama mbili, au tatu, kule nyuma."

Namkunda alisikiliza mara nyingine, kichwa kimeinama, kwa makini ya mtu anayepima dawa ya mgonjwa.

"Moja," alisema. "Andika moja, na uandike ilikuwa Jumanne."